Panga nyuma ya kiganja: kidole kunyooka si ushahidi kwamba kano ni nzima

Mkuu, pole sana kwa yaliyompata mdogo wako. Umesema panga la mwenzake lilimpata nyuma ya kiganja wakifyeka shamba, akashonwa siku hiyo hiyo, akaambiwa kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, ziko salama kwa kuwa kidole cha kati kinanyooka. Leo siku ya nne, kinanyooka kwa shida na kinauma. Mimi ni tabibu, majeraha ya namna hii nayaona mno. Mrudishe hospitali kesho, msisubiri siku ya kutoa nyuzi.

Nyuma ya kiganja kano hazikai kila moja kivyake. Msuli mmoja wa kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) hutoa kano za kunyoosha vidole, na kabla hazijafika kwenye vifundo vya vidole huwa zimeunganishwa kwa vitepe vya mshazari. Kano ya kidole cha kati ikikatika juu ya kitepe, upande wa kifundo cha mkono, ile ya kidole cha pete inakivuta kama gari bovu lililofungwa kamba nyuma ya jingine. Kuna kijana nilimpanulia kidonda baada ya ganzi kukolea, nikamwambia anyooshe. Kidole kikainuka, na ncha nyeupe ya kano iliyokatika imelala pale pale haijasogea. Kilichokaza ni kitepe cha pembeni.

Halafu mikono hatufanani. Kidole cha shahada na kidole cha mwisho kwa kawaida vina msuli wa ziada wa kwao wenyewe, kwa hiyo kano moja ikikatika nyingine inaweza kuficha jeraha. Kidole cha mwisho mara nyingi hakipati kabisa kano kutoka kwenye ule msuli wa pamoja. Kinapata kitepe tu kutoka kwa jirani yake wa pete. Kitepe kati ya shahada na cha kati huwa chembamba, kwa wengine hakipo, ila vile vinavyotoka kwenye kidole cha pete ni imara. Ndiyo maana ukikunja cha kati, cha pete kinagoma kuinuka peke yake. Hata mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja unaweza kutofautiana, kwa hiyo kulinganisha na mkono mzima kunasaidia lakini hakumalizi ubishi.

Jambo jingine: umesema alikuwa ameshika kijiti cha kuvutia nyasi. Hapo ngumi ilikuwa imefungwa, na kano zilikuwa zimevutwa kuelekea vidoleni. Akishanyoosha mkono, pale palipokatika panarudi nyuma chini ya ngozi. Anayechungulia kidonda mkono ukiwa umenyooka anaona kano nzima inang'aa, anafunga. Inabidi kidole kikunjwe na kunyooshwa huku kidonda kikitazamwa.

Kwa hiyo huko mwombe daktari apime kila kidole peke yake, kiganja kikiwa kimelala mezani, kidole kikiinuliwa huku kikikandamizwa. Udhaifu au maumivu makali hapo yanatosha kumfanya afungue kidonda aangalie vizuri. Wewe usimjaribishie nyumbani kwa nguvu, kano iliyobaki nusu inaweza kumalizikia mikononi mwako. Apigwe na picha ya eksirei kama hakupigwa.

Muda bado upo. Kano za upande huu zinashonwa vizuri ndani ya wiki 1 hadi 2. Zaidi ya hapo ncha zinajikunja, makovu yanashika, kazi inakuwa ngumu. Baada ya kushonwa atafungwa banzi la kuushikilia mkono usicheze, kifundo cha mkono kikiwa kimeinuliwa kwa nyuma, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, kisha mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia. Asilivue hata akijisikia vizuri.

Na chanjo ya pepopunda hukuitaja. Muulize kama alichomwa.