Simulizi za dunia kuharibika zinaninyima usingizi, niache kusoma?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 24, naishi Lindi, Mitandi. Tangu kile kimbunga Hidaya cha 2024 nimekuwa mpenzi sana wa simulizi za watu wanaohangaika kuishi baada ya dunia kuharibika, serikali hamna, umeme hamna, watu wanauana kwa ajili ya maji. Nasoma kwenye simu usiku, zile za vipande vipande. Nazipenda kweli, ila nikizima simu moyo unaenda mbio, na mvua ikianza kupiga bati ndo kabisa, nakuja kulala saa nane. Dada yangu anasema najitafutia wazimu. Kitaalamu inaweza kuniletea ugonjwa? Na mdogo wangu wa miaka 11 anataka nimsimulie, nimpe au nimnyime?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi ni nesi wa afya ya akili hapa Mtwara, sio daktari, ila swali lako liko katikati kabisa ya kazi yangu. Nianze na la dada yako maana naona limekukaa: hapana, kusoma simulizi hakuleti wazimu. Mwambie na salamu zangu.

Kinachokupata kiko hivi. Ubongo ukiona hatari, hata ya kusoma tu, unauamuru mwili ujiandae kukimbia au kupigana, adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unapiga haraka, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Kwenye hadithi hiyo hali ina raha yake kwa sababu unajua uko kitandani kwako na ukichoka unafunga. Kuna watafiti wa Denmark waliwafunga watu 110 vipimo vya mapigo ya moyo wakawapitisha kwenye nyumba ya maonyesho iliyotengenezwa makusudi kutisha watu, matokeo yakatoka 2020, wakaona raha ilikuwa juu kabisa pale hofu ilipokuwa ya wastani. Ikiwa ndogo mtu anaboreka, ikizidi raha inakatika. Kwa hiyo unachopenda kipo na kinaeleweka, ila wewe kipimo chako kimepita pale katikati.

Na kuna utafiti mwingine, huu wa Marekani, ulichapishwa 2021, watu 310 waliulizwa kipindi cha korona wanapenda muvi za aina gani na hali zao zikoje. Wale wapenzi wa muvi za dunia kuisha, mazombi na mambo kama hayo, walikuwa na msongo mdogo kidogo na waliona wamejiandaa zaidi kuliko wengine. Usije ukaubeba huo kama dawa lakini. Zile zilikuwa muvi na wewe unasoma, halafu hautuambii kama muvi ndo ziliwakomaza au wao tayari walikuwa watu wa hivyo ndo maana wakazipenda. Mi naona zote mbili zinawezekana.

Sasa shida yako naiona wapi. Wewe mafuriko hukuyasoma, uliyaona. Mei 2024 mvua za Hidaya zilivyopiga Lindi na Kilwa, barabara ikakatika kule Somanga, magari ya Dar yakakwama, hiyo ilikuwa maisha yako. Halafu unasoma hadithi ya watu wamekosa maji na chakula, mvua ya kweli inaanza juu ya bati, na simu ileile unayosomea ndo inakuletea odio kwenye gurupu, mtu humjui anasema kimbunga kingine kinakuja usiku huu sambaza kwa wote. Hapo mwili wako hauwezi kutenganisha ipi hadithi, ipi kumbukumbu na ipi uzushi, vyote vinaingia kwa mlango mmoja. Ndo maana nakwambia usiache kusoma, tenganisha.

Simulizi hamishia mchana au jioni kabla ya kula, ukimaliza inuka ufanye kitu cha mikono, osha vyombo, chota maji, ili mwili umalizie ile nguvu uliojiandaa nayo. Vile vipande vinakatwa makusudi pale mtu ameshikiwa panga halafu "itaendelea", sasa ukilala hapo unalala na panga shingoni, kwa hiyo kama ni lazima usome usiku ishia katikati ya kipande sehemu iliyotulia, hata kama roho inauma. Habari za hali ya hewa chukua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa peke yake, mara moja jioni, basi.

Moyo ukianza mbio vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, dakika tano hivi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kunaamsha neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo, na hiyo kazi yake mojawapo ni kupunguza mapigo. Na ukiona kama dakika 20 zimepita hujalala toka kitandani, kaa kwenye kiti mpaka usingizi uje, usikubali kitanda kiwe sehemu ya kuhangaikia.

Kuna kitu nilijifunza mwenyewe Aprili 2019, kile kimbunga Kenneth. Huku Mtwara tuliambiwa tuhame mabondeni na karibu na bahari, mwisho wake kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma na wenzetu kule wakaumia sana. Wiki hiyohiyo nilikuwa na riwaya ya familia inayokimbia mji, nikafika sehemu mama amesahau karatasi za watoto. Nikaifunga. Nikainuka nikajaza madumu mawili, nikachukua kadi za kliniki na vyeti nikavitia kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga kwa mpira wa baiskeli nikauning'iniza nyuma ya mlango. Usiku ule nililala. Hadi leo huo ndo mtihani ninaowapa watu: ukifunga kitabu unabaki na kitu cha kufanya, au unabaki na hofu tu? Kama ni hofu tu wiki nzima, hicho kitabu kwa sasa weka pembeni.

Ila kama ndoto zako ni za yale mafuriko yenyewe na sio za hadithi, kama unashtuka kila maji yakitiririka, unakwepa njia fulani, kazi hazifanyiki, na hali imepita mwezi, hapo tatizo sio simulizi tena. Nenda hospitali ya mkoa hapo Lindi uulizie huduma ya afya ya akili, usisubiri ijiishie. Inatibika, nimewaona wengi wakirudi sawa.

Mdogo wako msimulie, usimnyime, maana ukimnyima atatafuta mwenyewe na atakutana na mabaya zaidi. Ila mchana, wewe ukichagua kipande, zile za kuuana ruka, na kila mahali pa hatari simama umuulize yeye angefanyaje. Mi mwanangu nilimuuliza tukihama angebeba nini akasema jogoo wake. Tukakaa tukaangalia jogoo anafungwaje miguu asiumie na anabebwa kwenye tenga gani, na siku hizi tenga lenyewe liko chini ya kitanda chake.