Umetoka mgodini na unataka planti? Soma kwanza

Wadogo zangu mliopunguzwa kazini, nawapenda lakini mnanichosha. Mgodi ukipunguza watu tu, simu yangu inajaa picha za planti, yaani matanki ya saruji ya kulowekea mchanga wa dhahabu kwa sayanaidi, yanayojengwa Kahama na Geita, na swali ni lile lile: "Braza, rundo hili la marudio litatoa gramu ngapi?" Marudio ni mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa mara ya kwanza; kilichobaki humo mimi nitajuaje? Uliza aliyepima. Kama hakuna aliyepima, endelea kusoma.

1. Kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Hata ungekaa miaka 15, haki yako kisheria ni siku 70. Mwajiri akiongeza juu ya hapo shukuru, ila shemeji asijue.

2. Angalia waliobaki mtaani wanakosa nini. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba, kusafirishwa nje, na Septemba Acacia wakatangaza kupunguza shughuli kwenye mgodi wao wa Bulyanhulu. Kakola, mji wa jirani na mgodi, ikajaa mafundi, wapima miamba na wapishi wa mesi, wote wametoka kwa mpigo. Sisi wenye vyeo tulikaa kusubiri mgodi urudi. Fundi mmoja wa haidroliki hakusubiri. Alinunua mashine ya kubana hozi akaiweka kwenye kibanda cha mabati, kwa sababu kompresa ya mchimbaji mdogo ikipasuka hozi, duara zima, yaani shimo lake la kuchimbia, lilikuwa linalala mpaka hozi itoke Mwanza. Wateja wake walikuwa wenye PML, leseni ya mchimbaji mdogo, watu waliokuwepo kabla ya mgodi na ambao hawasikilizi bei ya hisa za London. Mpishi mmoja naye akaanza kupeleka wali maharage kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Mgodi ulirudi kweli, baada ya Barrick kuichukua Acacia 2019 na kuunda kampuni ya ubia ya Twiga ambamo serikali ina asilimia 16. Yule wa hozi aliitwa kazini akakataa, na sasa mgodi ni mteja wake kama wateja wengine.

3. Marudio. Hapa nitakaa, maana ndipo mnapofia, na mimi nilikufa hapa hapa.

Nilikuwa msimamizi wa zamu upande wa uchenjuaji. Mtu wa zamu anafika anakuta namba ziko kwenye skrini: dhahabu, shaba, pH, kila kitu. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza ni nani anaamka alfajiri kuzitafuta. Nilipotoka nikajiona mtaalamu, nikaenda mwaloni, pale wachimbaji wadogo wanaposafishia dhahabu, kwa mzee mmoja mpole mwenye rundo kubwa la marudio. Nikachota sampuli juu na pembeni, pale mkono ulipofika bila kuinama sana, nikapeleka maabara. Karani akauliza: "Dhahabu peke yake, au na shaba?" Shaba ilikuwa inaongeza bei ya kipimo. Nikasema dhahabu peke yake.

Jibu lilikuja tamu. Nikamlipa mzee rundo zima, nikakodi malori, nikamwingiza shemeji kwenye ubia.

Tanki la kwanza, sayanaidi niliyoweka jioni asubuhi nikiipima imekwisha. Nikaongeza. Ikaisha tena. Nilikuwa na kijana wa Nyarugusu, Geita, aliyeishia darasa la saba. Akaokota kijiwe kilichobaki chini ya karasha, akakilowesha mate, akanionyesha ukijani: "Bosi, hii si ina shaba?" Nikamwambia ashike koleo. Mimi huyo, niliyelipwa miaka mingi kuhangaika na mawe yenye shaba, nchi nzima imeshajua habari ya makinikia, namwambia mtoto wa watu ashike koleo! Na shaba ya juu juu, ile iliyokwishapigwa na hewa ikawa ya kijani, ndiyo mlafi kuliko zote: inamaliza sayanaidi, kisha inagombania nafasi kwenye kaboni, ule mkaa wa kunasa dhahabu. Nilijua hayo yote. Niliyajibu kwenye usaili.

Kaboni ikaenda elusheni, yaani kuoshwa iachie ilichonasa, tukayeyusha. Kitofali kikatoka chekundu, rangi ya waya wa umeme uliomenywa. Nikakipeleka soko la madini hivyo hivyo, labda mashine itanionea huruma. Mnunuzi alikipima, akakisukuma upande wangu wa meza, akaniita baba, na umri wetu ni mmoja. Hela iliyopatikana haikufika hata nusu ya bili ya sayanaidi, na nyumbani kwa shemeji nikienda msibani naagana mapema.

Dawa yake ni ndogo mpaka inaudhi: toboa rundo kwa bomba mpaka chini, sehemu nyingi, changanya, gawa kwa nne mpaka sampuli iwe ndogo, lipia shaba pamoja na dhahabu, na omba maabara wakufanyie jaribio la sayanaidi kwenye chupa kabla hujamlipa mwenye mwalo.

4. Chokaa kwanza, sayanaidi baadaye, pH isishuke chini ya 10. Ikishuka inatoka gesi, na gesi hiyo inaua. Hapa sina utani. Usajili wa Mkemia Mkuu na kibali cha NEMC, baraza la mazingira, vitangulie saruji.

5. LPO, ile karatasi ya mgodi ya kukuagiza bidhaa, si pesa. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zimefungua mlango wa kuuzia mgodi bidhaa, na mnaujua mgodi kwa ndani, mnajua hata nani anasaini nini. Lakini ankara ya mgodi inakaa, na vijana wako wanataka mshahara mwisho wa mwezi. Nimeona mtu anakopa kwa riba ya mtaani ili ashone ovaroli ambazo faida yake ilikuwa ndogo kuliko hiyo riba.

6. Kijana wa darasa la saba akiokota jiwe, inama mwangalie. Wangu sasa ana planti yake, na huwa ananipa kazi ya ushauri akijisikia.

Wanaotaka niwasaidie kusoma majibu ya maabara, njooni Jumamosi. Sampuli iwe kavu, kilo 2, mfuko umeandikwa ilichotwa wapi na kina gani. Ukiniletea kiganja cha mchanga kwenye pakiti ya sigara utapewa chai, utarudi nao.