Kabla Hujanunua Kifaa cha GPS cha Gofu, Jua Mkwaju Wako Unafika Wapi

Nilikuwa nacheza shimo fupi la gofu, bwawa limelala mbele ya grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye kishimo na bendera, saa yangu mpya ya GPS ikiwa mkononi. Iliniandikia 140. Nikachomoa fimbo namba 7, maana kwangu hiyo ndiyo ya yadi 140, nikapiga mkwaju safi. Mpira ulipaa vizuri, ukashuka, ukazama hatua moja tu kabla ya ukingo. Nilipofika nyumbani na kuichunguza saa ndipo nikaona ilikuwa imewekwa kwenye mita. Mita 140 ni yadi 153.

Basi mtu akiniuliza kama anunue kifaa cha kupima umbali, nami humuuliza kwanza: unajua kila fimbo yako inafikisha mpira wapi? Siulizi ule mkwaju mmoja uliokwenda mbali kuliko yote. Naulizia mkwaju wako wa kila siku. Baada ya lile bwawa nilikwenda mazoezini nikapiga mipira 20 kwa namba 7 na kuipima mmoja mmoja. Mingi ilianguka kati ya yadi 125 na 138. Iliyofika 140 ilikuwa miwili. Maana yake, hata kama saa ingesoma yadi, bado ningekuwa nachagua fimbo kwa kumtegemea mchezaji ambaye si mimi.

Kifaa kinakupa nusu ya jibu. Nusu ya pili iko mikononi mwako, na usipoijua, hiyo namba inayong'aa kwenye kioo haikusaidii kitu.

Lakini kifaa hichohicho kinaweza kukufundisha hiyo nusu ya pili, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kukinunua. Vingi vina kitufe cha kupima mkwaju: unabonyeza uliposimama, unatembea hadi mpira ulipotua, unasoma umbali. Fanya hivyo raundi kadhaa, andika kwenye kidaftari fimbo kwa fimbo, pamoja na mikwaju mibovu. Kama unajijua huna subira ya kuandika, usinunue kwanza. Alama za yadi 150 zilizochomekwa uwanjani na hatua zako mwenyewe zinakutosha.

Anza na simu. Zipo programu za gofu zenye toleo la bure, nazo zinatumia setilaiti zilezile. Kero zake ni mbili: betri inakwisha upesi, na kuitoa simu mfukoni kila mkwaju kunakuvunjia utulivu. Hata hivyo raundi kama kumi hivi zitakuonyesha jambo la maana kuliko tangazo lolote: je, ukishaona namba unabadilisha fimbo, au unachukua ileile uliyokuwa umeshaishika? Anayebadilisha ndiye atakayefaidika.

Sasa, GPS au kifaa cha leza, kinachopima umbali kwa mwali wa mwanga? Leza hupima kile ulichokilenga, yaani bendera yenyewe, na hukosea kwa yadi moja hivi. Inataka mkono usiotikisika, tena uione bendera. Ukiwa nyuma ya kilima au miti, haina msaada. GPS haijui bendera imechomekwa wapi leo. Inachojua ni ramani ya grini, nayo inaweza kukosea kwa mita chache. Ila inakupa namba tatu kwa mpigo: mwanzo wa grini, katikati na mwisho.

Hizo namba tatu zitazame kwa makini. Grini yenye kina cha yadi 30 inaweza kukutofautishia fimbo mbili au tatu kutoka mbele hadi nyuma. Mimi nilikuwa naangalia ya katikati peke yake, na mikwaju yangu mingi ikawa inaishia mbele, kwenye mchanga. Siku hizi nikiona maji au mchanga mbele, naanza kusoma namba ya mwisho, kisha nauliza ni fimbo gani itakayovuka hatari bila kupita hapo. Kwa sisi wenye handikapu kubwa (namba ya kiwango cha mchezaji; ikiwa kubwa, uwezo ni mdogo), ambao kuuweka mpira popote kwenye grini ni ushindi, naona GPS inafaa kuliko leza. Mwenye uwezo wa kulenga upande wa bendera achukue leza.

Kabla ya kulipa, hakikisha viwanja unavyochezea vimo kwenye ramani za kifaa, na uulize kama ramani hizo zinalipiwa kila mwaka. Isome skrini ukiwa juani, si ndani ya duka. Kisha siku ya kwanza kabisa chagua yadi au mita, moja tu, na kidaftari chako kifuate hiyohiyo.

Kwa wanaoshindana: tangu 2019 Kanuni ya 4.3 ya gofu inaruhusu vifaa vya kupima umbali, isipokuwa pale kamati ya mashindano imevizuia. Kinachokatazwa ni kupima mwinuko na mteremko. Kama chako kina uwezo huo, uzime kabla ya kuanza, kwa sababu ukiutumia kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju unaongezewa mikwaju miwili, na ukirudia unaondolewa mashindanoni.