Maswali na Majibu: "Noti za asili" za Londonderry Air ni zipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga violini kanisani, niko Moshi. Familia moja imeniomba nipige Londonderry Air, ule muziki wa Danny Boy, kwenye ibada ya mazishi ya bibi yao. Mtandaoni nimekuta nakala mbili, moja ya mapigo manne kwa kila mizani na nyingine ya mapigo matatu, na kila moja imeandikwa "asili". Hiyo ya matatu inauzwa. Maelezo yake yanasema wimbo una miaka mia nne, ulitoka kwa mpiga kinubi kipofu aliyeusikia kwa vibwengo kando ya mto, na maneno yake ni ya baba anayemuaga mwanawe aendaye vitani. Nifuate ipi, na kwenye ratiba ya ibada niandike nini?

JIBU: Marahaba. Hiyo ya kuuzwa iache. Mapigo matatu yana hoja yake, nitayafikia. Kinachonikera ni hilo neno "asili", ambalo kila anayetaka kuuza karatasi sasa analibandika juu.

Ushahidi wote tulionao ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1855, mjini Dublin, George Petrie alichapa mkusanyiko wa muziki wa kale wa Ireland. Ndani yake mna wimbo mmoja aliotumiwa na Jane Ross wa Limavady, kaskazini mwa nchi hiyo. Umepangwa kwa piano, hauna jina wala maneno. Petrie anaeleza kwamba Bi Ross hakufanikiwa kulipata jina lake, alisema tu kuwa ni wa zamani sana, naye Petrie akakubaliana naye. Basi. Wenyeji wa Limavady husimulia kwamba aliupata kwa Jimmy McCurry, mpiga violini kipofu aliyekuwa akipiga barabarani siku za gulio. Inawezekana kabisa, lakini Petrie hamtaji mpiga violini yeyote. Wapo hata walioshuku kwamba Bi Ross aliutunga mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyepata maneno ya Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, yanayoukaa vizuri. Hivyo vibwengo vyako havina karatasi, na "miaka mia nne" ni hesabu ya muuzaji.

Sasa hayo maneno. Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Danny Boy iliandikwa na Fred Weatherly, wakili Mwingereza, mwaka 1910, na wala hakuiandikia muziki huu. Shemeji yake aliyekuwa Colorado, Marekani, ndiye aliyemtumia noti baadaye. Weatherly akayarekebisha maneno yakaingia, yakachapwa mwaka 1913. Kabla yake walishatangulia wengine: Alfred Perceval Graves aliuvalisha maneno ya Emer akimuaga mumewe Cucullain, shujaa wa hadithi za kale za Ireland, na Katharine Tynan akaandika wimbo wa mapenzi. Wabaptisti wa Uingereza nao wanauimba kwa tenzi ya W. Y. Fullerton. Weatherly hasemi popote kama anayeaga ni baba, mama au mpenzi, na vita havitajwi. Halafu mtu anakuja darasani anauburuza, anatetemesha kila noti, ukimuuliza anasema "ni baba analia". Baba yupi? Muziki ulikuwa umeshachapwa miaka 58 kabla ya baba huyo kuzaliwa.

Mapigo matatu yalianzia kwa Anne Gilchrist, mtafiti wa nyimbo za jadi. Mwaka 1934 aliandika kwamba noti ndefu zinazoangukia mwanzo wa mizani huenda zimetokana na mpigaji aliyekuwa akivuta muda apendavyo, na mwandikaji akazinakili kama alivyozisikia. Akafupisha noti hizo, akapata mapigo matatu. Baadaye mtafiti mwingine, Hugh Shields, akaonyesha kwamba umbo hilo linafanana sana na Aisling an Óigfhir, wimbo ambao Edward Bunting aliuchapa mwaka 1796 baada ya kumsikia mpiga kinubi Denis Hempson huko Belfast mwaka 1792. Hempson naye alikuwa kipofu, na kwao Magilligan si mbali na Limavady. Ni hoja nzuri, mimi binafsi inanishawishi. Lakini hiyo nakala yako ni dhana ya mtafiti iliyogeuzwa bidhaa, na jina la mtafiti limefutwa.

Kwa hiyo chukua mapigo manne, kama yalivyochapwa. Kii ya D inakufaa: kwa sol-fa wimbo unaanzia ti, do, re, mi, unashuka hadi la ya chini na kufika mi ya juu mara moja tu, karibu na mwisho. Katika D yote hayo yamo nafasi ya kwanza, bila kusogeza mkono shingoni mwa violini, na ile la ya chini inaangukia uzi wa G, sauti nene. Tunza nguvu ya upinde kwa mruko wa so kwenda mi ya juu. Ukiwa umeshapiga kwa nguvu tangu mwanzo, hapo hutakuwa na kitu cha kuongeza. Kwenye ratiba andika "Muziki wa Ireland, kutoka kwa Jane Ross, ulichapwa 1855". Danny Boy iandike ikiwa tu kuna atakayeimba maneno.

Na uangalie tahadhari moja pana zaidi, maana baada ya huu utaombwa mwingine. "Ya jadi" kwenye karatasi ya noti haimaanishi kwamba mtu amechunguza. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakutafuta jina. Ashokan Farewell hupigwa misibani kama maombolezo ya kale ya Waairishi au ya vita vya Marekani. Aliitunga Jay Ungar, mpiga violini wa New York, mwaka 1982, na hakimiliki ni yake. Hata muziki usio na mwenyewe unaweza kuwa na mpangilio wenye mwenyewe: Percy Grainger na Fritz Kreisler waliupanga huuhuu wako, na walifariki 1961 na 1962, kwa hiyo katika nchi nyingi mipangilio yao inaweza kuwa bado inalindwa. Kabla ya kulipia karatasi yoyote, tafuta juu kulia jina la aliyepanga. Likikosekana, usinunue.