Mama anayeumwa kifua: kwa mnaoanza kazi wodini

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo hapa Dodoma mtakuta desturi ambayo haikuandikwa popote: mwanamume wa makamo akishika kifua hupelekwa moja kwa moja kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilhali mwanamke wa umri huohuo, akisema kwamba panamchoma chini ya chembe cha moyo, pumzi inakata na mwili umeisha nguvu, huandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo na kuruhusiwa. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa mwaka 2021 unataka kila mwenye maumivu ya ghafla ya kifua apimwe ECG ndani ya dakika 10 tangu afike, awe mwanamume au mwanamke.

Msielewe kwamba wanawake hawaumwi kifua. Maumivu ya kifua ndiyo dalili inayoongoza ya mshtuko wa moyo kwa jinsia zote mbili, ila kwa mwanamke mara nyingi zaidi huambatana na kichefuchefu, uchovu, kukosa pumzi, au maumivu ya taya, shingo na mgongo, naye huenda akaanza kueleza mojawapo ya hayo.

Kazi kubwa iko kwenye kuchukua historia. Kumuuliza mama wa Bahi au Chamwino kama anaumwa akipanda ngazi hakusaidii, kwa kuwa nyumba yake haina ngazi. Muulizeni kuhusu ndoo ya maji, kutwanga na kulima. Kisha muulizeni ni kazi zipi amewaachia wanawe tangu msimu uliopita, kwa sababu mgonjwa huweza kupunguza kazi kidogo kidogo hadi maumivu yasijitokeze tena, akajibu kwa unyofu kabisa kwamba haumwi. Ikiwa anazungumza Kigogo na mwanawe wa kiume ndiye mkalimani, mtafuteni muuguzi anayekijua, maana habari za uzazi hazitasemwa mbele ya kijana huyo. Nazo zinahitajika: presha au kisukari cha wakati wa ujauzito, kifafa cha mimba na kukoma hedhi mapema, yote huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye.

Misuli ya moyo hulishwa na mishipa ya korona, ambayo mikubwa yake hupita juu ya moyo, na midogo huzama ndani ya misuli. Mwenye afya akifanya kazi nzito, damu ipitayo humo huongezeka mara tatu au zaidi. Kwa wanaume kikwazo kilichozoeleka ni mafuta kuziba mshipa mkubwa. Wanawake, ambao mishipa yao ni myembamba hata ukizingatia ukubwa wa mwili, huzibwa vilevile, lakini mara nyingi zaidi kuliko wanaume mishipa yao mikubwa hukutwa wazi huku midogo ikishindwa kutanuka, au ikijibana. Angiografia, yaani picha ya eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa ya rangi, haionyeshi vizuri mishipa iliyo chini ya nusu milimita. Utafiti wa WISE, ulioanza Marekani mwaka 1996, uliwapima wanawake wenye maumivu ya kifua ambao mishipa yao mikubwa haikuziba, na karibu nusu yao walikutwa na hitilafu hiyo ya mishipa midogo. Wapo pia ambao ukuta wa mshipa wa korona huchanika ghafla. Wengi wao ni wanawake, wakiwamo waliojifungua majuma machache tu yaliyopita.

Kwa hiyo mama akirudi kutoka Dar es Salaam na majibu ya angiografia yasemayo kwamba mishipa haijaziba, msimwandikie "wasiwasi" kwenye faili, neno ambalo kwa maoni yangu limefunga mafaili mengi kabla ya wakati wake. Dhibitini presha, kisukari na lehemu, na mjadiliane na daktari bingwa kuhusu dawa za kupunguza kazi ya moyo na za kutanua mishipa.

ECG moja isiyo na kasoro haitoshi ikiwa maumivu yanaendelea. Irudieni, na kipimo cha troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, pia kirudiwe baada ya saa chache. Ulizeni maabara inatumia kiwango gani, kwa sababu katika vipimo vyenye unyeti mkubwa kiwango cha juu cha kawaida cha wanawake huwa chini ya cha wanaume. Mkiwa kwenye kituo cha afya kisicho na kipimo cha troponini, mpeni rufaa mapema, na katika barua andikeni saa maumivu yalipoanza, saa ECG ilipopigwa, dawa alizopewa na historia yake ya uzazi.