Nitajuaje mbunge wangu wa Australia anafanya nini bungeni?

SWALI: Nimepata uraia wa Australia na sasa nina haki ya kupiga kura. Kwenye tovuti ya They Vote For You naona mbunge wa jimbo letu ameshiriki kura chache kuliko wenzake. Je, ni mtoro? Na nitajuaje anachosema kuhusu visa za familia? – Msomaji, Brisbane

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa uraia, ila usimhukumu kwa asilimia hiyo pekee. Tovuti hiyo inaonyesha kura za mgawanyo tu, na kule Canberra hoja nyingi hupita kwa sauti: wabunge wanaitikia, Spika anatangaza upande ulioshinda, na jina la mtu haliandikwi popote. Majina huandikwa wabunge wakidai mgawanyo. Hapo kengele hulia, kwa kawaida dakika 4, milango hufungwa, wanaokubali huketi kulia kwa Spika na wanaokataa kushoto, kisha wanahesabiwa.

Hata hapo, asiyeonekana kwenye orodha si lazima awe mtoro. Vyama vina mapatano ya jozi: mbunge wa upande mmoja akiugua au akisafiri, mmoja wa upande wa pili naye hujizuia kupiga kura ili uwiano usivurugike. Mawaziri nao husafiri sana kikazi. Spika hapigi kura kabisa ila zikifungana.

Kura yenyewe, mara nyingi, hukuonyesha msimamo wa chama kuliko wa mtu. Seneta Fatima Payman wa chama cha Labor alipovuka ukumbi, yaani kupiga kura kinyume na chama chake, Juni 2024 kuunga mkono hoja ya kuitambua Palestina, alisimamishwa kwenye vikao vya wabunge wa chama, na Julai akakihama. Ndiyo maana mimi hutazama zaidi hotuba, maswali na kazi za kamati.

Fungua tovuti ya OpenAustralia, tafuta jina la mbunge wako, uombe arifa kwa barua pepe kila anapozungumza. Kisha weka arifa ya pili ya maneno, kwa Kiingereza kwa sababu Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, ni ya Kiingereza: andika "family visa", na siku nyingine "partner visa". Arifa hii ya maneno ndiyo naipenda zaidi, maana itakuletea pia wabunge wengine wanaolisemea jambo lako. Usizipuuze hotuba za Federation Chamber, ukumbi wa pili wa Baraza la Wawakilishi. Huko hakupigwi kura za mgawanyo, lakini wabunge wengi huyasemea majimbo yao huko.

Kamati zake utaziona kwenye ukurasa wake katika tovuti ya bunge, aph.gov.au. Humo humo kuna rejista ya maslahi: mali, hisa na zawadi, ambayo mbunge anatakiwa kuisahihisha ndani ya siku 28 mambo yakibadilika. Gharama za safari na ofisi hutolewa na IPEA, mamlaka huru ya matumizi ya wabunge, kila robo mwaka.

Ukishasoma hotuba zake mbili tatu, iandikie ofisi yake ya jimboni. Taja tarehe ya hotuba na uulize swali moja tu, lililo wazi.