Kikapu kimeuzwa dola 48, mbona nimepokea elfu 68?

Dada Hesabu anajibu barua za wasomaji kutoka Iringa, Mbeya na Njombe

SWALI: Kamwene, Dada Hesabu. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama tunaosuka vikapu vya milulu hapa Kalenga. Mtoto wa marehemu kaka yangu anaishi Marekani. Alipokuja likizo alibeba vikapu vyetu kwenye begi, akasema atavinadi kwenye mtandao mmoja mkubwa wa minada. Cha kwanza kimeuzwa dola 48, akanipigia simu kwa furaha. Nikapiga hesabu, ni karibu laki moja na ishirini. Kwenye simu ikaingia elfu 70 na ushee, nilipotoa kwa wakala nikabaki na 68,000. Hapa mjini kikapu kama kile nakiuza 35,000, kwa hiyo sisemi nimepata hasara, lakini wenzangu wananitazama vibaya. Wanasema mimi na mtoto wangu tumewala. Nimemuuliza, amenitumia picha ya karatasi ya Kiingereza, naiambatanisha. Niambie ukweli hata kama unauma. – Shangazi, Kalenga

JIBU: Shikamoo, mama. Karatasi nimeisoma mstari kwa mstari na hesabu nimezirudia. Mtoto hajala hata senti moja. Nalitanguliza hilo kabla ya yote kwa sababu najua maneno ya kikundi yanavyokimbia, na jina la kijana likishachafuka Kalenga halisafishiki kwa simu kutoka ng'ambo. Tafadhali wasomee wenzako haya yanayofuata, tena kwa sauti, kwenye kikao.

Mnunuzi hakulipa dola 48. Alilipa 64.50. Humo ndani kuna 48 za kikapu, 12 za posta, na 4.50 za kodi ya mauzo ya jimbo analoishi. Hiyo kodi mtandao wenyewe unaikusanya na kuipeleka serikalini. Ndivyo majimbo mengi ya Marekani yanavyofanya tangu Mahakama ya Juu ya nchi yao ilipoyaruhusu, mwaka 2018, kudai kodi kwa wauzaji wasio na ofisi ndani ya jimbo. Haikuwa yenu, haikuwa ya kijana.

Sasa njoo kwenye ada ya mtandao. Imeandikwa asilimia 13.6, na hapo ndipo wengi wanapopiga hesabu wakakosea, kwa sababu wanaichukua kwenye zile 48 na kupata dola 6 na nusu. Mtandao hautozi kwenye 48. Unatoza kwenye 64.50 yote, yaani na posta ndani, na kodi ndani. Inakuwa dola 8.77. Juu yake kuna senti 40 za kila oda. Jumla 9.17. Ukiigawa kwa bei ya kikapu chenyewe, mmekatwa asilimia 19. Mimi naona ni makosa makubwa kumtoza mtu ada juu ya kodi ambayo hatoigusa kamwe, na nitaendelea kusema hivyo, lakini ndiyo sheria ya mtandao ule na kijana wako aliikubali alipojiandikisha.

Mstari unaofuata ni dola 3.23. Hiyo ni ya tangazo. Alikubali kikapu kisogezwe juu ili watu wakione mapema, kwa asilimia 5, nayo pia ikahesabiwa kwenye 64.50. Halafu posta yenyewe. Mnunuzi alitozwa 12, lakini kijana alipofika dirishani na boksi akalipa 16. Kikapu ni chepesi ila kinakula nafasi, na posta ya kule inaangalia ukubwa wa boksi pamoja na uzito. Zile dola 4 za tofauti zimetoka kwenye pesa yenu.

Kwa hiyo: 64.50, toa kodi, toa 9.17, toa 3.23, toa 16, zinabaki 31.60. Akatuma kwa kampuni ya kutuma fedha, ikachukua 2.99. Zimebaki 28.61, zikabadilishwa kwa shilingi 2,450 kwa dola, ndiyo hiyo elfu 70 na mia moja hivi iliyoingia kwenye simu yako. Wakala na tozo wamemaliza iliyobaki. Hesabu imefunga. Boksi, gundi ya karatasi na nauli yake ya kwenda posta hakuzidai kabisa, na vikapu alivibeba kwenye begi lake bila kuwatoza.

Nikishasema hivyo, kuna mambo mawili ambayo ningemwambia kijana kama angekuwa mdogo wangu. La kwanza, asipige simu kutangaza bei ya mnada. Atangaze kilichobaki baada ya makato yote, na karatasi iambatane siku hiyohiyo, imeandikwa Kiswahili, mstari mmoja mmoja. La pili, tangazo la kulipia lisiwekwe bila kikundi kukubali. Mkiacha tangazo, na posta ikipimwa kabla ya bidhaa kuwekwa mnadani, mnaokoa zaidi ya dola 6 na nusu kwa kila kikapu, maana ada nayo hupanda kidogo mnunuzi akitozwa posta yote. Ni kama shilingi 16,000. Kwa msusi anayenunua daftari na sabuni kwa pesa hiyo, si jambo dogo.

Halafu kuna bei ya kuanzia. Naona aliianzisha kwenye dola 1 ili kuvuta watu. Mlibahatika, watu wawili walishindana. Siku watu hao hawapo, mnada unafungwa kwenye dola 9 na sheria inawabana mtoe kikapu kwa dola 9. Ipo njia ya kuweka bei ya siri ambayo chini yake kitu hakiuzwi, ila ipo mitandao inayoitoza, tena hata kitu kisipouzwa. Afadhali bei ya kuanzia yenyewe iwe ile ambayo mkiipata bila mshindani mwingine bado msusi anapata chake. Pigeni hesabu kutoka chini kwenda juu: msusi anataka ngapi mkononi, ongeza wakala, ongeza kutuma, ongeza posta isiyolipwa na mnunuzi, ongeza ada. Kwa kazi ya mkono ambayo mtu ameisuka kwa siku nyingi, mimi ningeuza kwa bei maalumu na kuachana na mnada. Mnada unafaa kitu ambacho hakuna anayejua bei yake, na kikapu chenu mnaijua.

Umeandika pia, chini kabisa ya barua, kwamba awamu ijayo mnataka kutuma kwa kampuni ya vifurushi kwa sababu kijana haji mwaka huu. Mama, simama hapo kwanza. Kampuni nyingi za vifurushi kwa ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 5,000, na wakilinganisha na uzito wa mizani wanachukua ulio mkubwa. Boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 35 linatoa 56,000. Gawa kwa 5,000 unapata kilo 11.2. Ndani kuna kikapu kisichofika hata kilo moja, lakini mtalipia kilo 11.2. Nimewahi kukaa na kikundi kimoja Ipogolo tukiwa na futi ya fundi cherehani na boksi sakafuni, na akina mama walinyamaza tulipofika kwenye jibu.

Njia ipo. Sukeni kwa saizi tatu au nne zinazoingia kimoja ndani ya kingine, cha nje kiwe sentimita 38 kwa mdomo, na vifuniko vilale bapa juu. Boksi ni lilelile, kilo ni zilezile 11.2, ila sasa kila kikapu kati ya vitatu kinabeba kilo 3.7 tu. Na uza seti, usiuze kimoja kimoja, maana zile senti 40 za oda na posta ya kule ya kumfikishia mnunuzi zinalipwa mara moja. Jambo jingine: zamani kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Msamaha huo ulisitishwa tarehe 29 Agosti 2025 kwa nchi zote. Kabla hamjafunga boksi, kijana aulize huko ushuru wa siku hiyo ni kiasi gani na nani ataulipa, ninyi au mnunuzi, na jibu liandikwe kwenye tangazo la kikapu.

Ombi langu la mwisho kwako: kikundi kimpangie kijana fungu lake, hata kama ni dogo. Anayefanya kazi bila malipo ndiye anayetuhumiwa haraka, na siku akichoka mtakosa mtu wa kumwamini kule.

SWALI: Mama, shikamoo. Babu yangu aliacha kopo la sarafu za Mjerumani huku Tukuyu. Nyingi ni za shaba zimeandikwa heller, na rupia chache za fedha zenye kichwa cha mtu mwenye kofia ya chuma. Rafiki ameniambia nyumba za mnada Ujerumani zinauza kwa mtandao na wanachukua asilimia 15 tu. Nitume? – Mjukuu, Rungwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitume bado, na usizisugue. Nasema usizisugue kabla ya lolote kwa sababu wengi huanza na majivu na limau ili zing'ae, na sarafu iliyosuguliwa wakusanyaji huishusha bei vibaya.

Hiyo asilimia 15 ni upande mmoja tu wa mlango. Nyumba ya mnada inakata kwako muuzaji, na inamwongezea mnunuzi ada yake pia, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 hadi 25. Nyundo ikigonga kwenye euro 100, mnunuzi analipa 125, wewe unapokea 85, nyumba inabaki na 40. Utaambiwa ile 25 si yako, ni ya mnunuzi. Lakini mnunuzi ana mfuko mmoja. Akijua ataongezewa, anaacha kupandisha mapema, na pale alipoachia ndipo pesa yako ilipokatika. Ni kama ushuru wa mnada wa ng'ombe: hata ukilipwa na anayenunua, anashusha bei ya ng'ombe wako kufidia.

Kisha soma mkataba kwa ada ya picha, ya bima, na ya kurudishiwa kitu kisipouzwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza watu wa mbali, kwa sababu posta ya kurudi Tukuyu inaweza kuzidi bei ya kopo zima.

Usidhani majina makubwa yanakulinda. Sotheby's na Christie's, nyumba kubwa za mnada, walianza kumtoza mnunuzi London mwaka 1975, na baadaye ikabainika walikuwa wamekubaliana kwa siri kuhusu kamisheni za wauzaji, badala ya kushindana. Mwaka 2000 walikubali kulipa wateja wao dola milioni 512, na mwaka 2001 Alfred Taubman aliyekuwa mwenyekiti wa Sotheby's akatiwa hatiani Marekani. Muuzaji aliyehitaji kujua kamisheni ya haki hakuwa na pa kulinganisha.

Kuhusu mali yako: heller zilianza 1904, rupia moja ikiwa heller 100, na zile za shaba zilitengenezwa kwa wingi sana, kwa hiyo moja moja bei yake ni ndogo na ada itaimeza. Zipange kwa mwaka na kwa herufi ndogo inayoonyesha kiwanda kilichoitengeneza sarafu, maana mwaka na herufi hiyo ndivyo vinavyotofautisha ya kawaida na adimu. Ukikuta ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, ya Tabora mwaka 1916, funga kopo, usimwonyeshe mtu, niandikie tena. Na kabla sarafu yoyote haijavuka mpaka, uliza Idara ya Mambo ya Kale kama unahitaji kibali. Kifurushi kikikamatwa hakuna mnada wala pesa.

SWALI: Dada, binamu yangu London anasema kuuza kwenye mtandao wa eBay huko ni bure siku hizi. Tumpelekee vitenge? – Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Ni kweli kwa mtu binafsi anayetoa vitu vyake vya nyumbani. Tangu Oktoba 2024 huko Uingereza muuzaji binafsi hakatwi ada kwa bidhaa nyingi, ila tangu Februari 2025 mnunuzi ndiye anayeongezewa ada ya ulinzi, na anaiona ndani ya bei. Vitenge vilivyonunuliwa Mwanjelwa ili viuzwe si vitu vya nyumbani. Huyo ni mfanyabiashara, anatakiwa kufungua akaunti ya biashara na ada zake zipo palepale. Akijificha kwenye akaunti binafsi, ajue kuwa tangu Januari 2024 mitandao ya huko inaweka kumbukumbu za kupeleka mamlaka ya kodi kwa muuzaji anayefikisha mauzo 30 kwa mwaka. Mwambie aanze na doti chache, kwa akaunti sahihi, na akutumie karatasi ya makato ya doti ya kwanza kabla hujanunua ya pili.